Kitanda na Kila Sehemu Yake

Bolti za vitanda zilipanda bei mara tatu, na aliyezipandisha ni mwenyekiti wa maseremala mwenyewe. Hana wa kumsingizia. Alitumia mdomo wake, tena mbele ya mashahidi.

Walimwita Randa, ingawa ulimi wake haukuwahi kulainisha kitu. Kwa miaka mingi vitanda vya kutoka nje vilikuwa vikiingia ndani ya maboksi, mbao zake ni unga uliogandishwa kwa gundi, na wateja wakavigombania kama maji ya mgawo. Randa akawakusanya wenzake, wakavaa mashati yaliyopigwa pasi, wakaenda wizara ya biashara kuomba vitozwe ushuru. Ofisa aliwasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: ushuru uwe wa kitanda kizima, au hata wa vipande?

"Vipande vyote," Randa akasema, akapiga meza. "Tusifanywe wajinga. Leo wataleta miguu, kesho ubavu, wataviunga hapa waseme si kitanda cha nje. Andika kitanda na kila sehemu yake."

Ofisa akaandika. Wakubwa wakatia saini. Maseremala wakanywa soda, wengine wakanywa na kisicho soda, wakamsifu mwenyekiti mpaka akaota pembe.

Haukupita muda akapata kazi ya vitanda themanini vya shule ya bweni. Bei ikafungwa kwenye mkataba, na mashine yake ya kupasulia mbao ikawekwa rehani: shule ikifunguliwa vitanda havipo, mashine inaondoka. Akaenda kununua bolti kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Shemeji akamtajia bei.

"Shemeji, mimi si mgeni wa mji huu," Randa akasema.

"Ungekuwa mgeni ningekupa kiti. Bei ndiyo hiyo."

"Bolti gani hizo, za dhahabu?"

"Za nje, kama siku zote. Hapa nani anatengeneza bolti, wewe? Bolti ya kitanda ni sehemu ya kitanda, inalipa ushuru wa kitanda. Nimeuliza nani katuletea balaa hili, nikaambiwa kuna mwanamume alipiga meza."

Randa akakuna shingo.

"Na huo ni ushuru tu," shemeji akaendelea, akifuta kaunta isiyo na vumbi. "Huko kwa wenye dola wamepandisha riba, basi dola zote zimerudi kwao kama kuku jioni. Nikiomba elfu kumi benki, wananipa mia tano na pole. Kichochoroni zipo, ila kwa bei ya kukutoa jasho. Na hii pesa yetu imekuwa barafu. Ukiichelewesha mfukoni unabaki na maji."

Randa akarudi wizarani. Ofisa alikuwa yule yule.

"Mzee, nakukumbuka."

"Nitolee bolti humo."

"Imeshakuwa sheria. Labda bajeti ijayo."

"Bajeti ijayo nitakuwa naranda mbao kwa meno."

"Lete maombi, tutayaangalia. Ila usipige meza tena. Ile ya siku ile imelegea mguu, na bolti hatujapata mpaka leo."

Akafikiria kuunga vitanda kwa ulimi na tundu, mbao ikiingia ndani ya mbao, kwa gundi, bila chuma. Lakini kitanda cha namna hiyo hakifunguki, na mlango wa bweni alikuwa ameshaupima: hakipiti. Akapiga mahesabu ya bolti mpya, akaona hata akiuza mashine pesa hazitoshi.

Aliyemwokoa ni shemeji. Nyuma ya stoo yake kulikuwa na vitanda vya nje vilivyoingia kabla ya ushuru. Paa lilivuja, mbao zikavimba kama maandazi.

"Kila boksi lina bolti kumi na sita nzima," akamwambia. "Boksi zima nakuuzia kwa bei ya bolti kumi mpya."

"Mimi mwenyekiti ninunue vitanda vya nje?"

"Hununui vitanda. Unanunua bolti zilizovaa kitanda."

"Watu wakiniona je?"

"Watakuona. Lori haliendi kwa kunyata."

Walimwona. Lori lilisimama mbele ya karakana mchana kweupe, na wa kwanza kuvuka barabara ni Sofa, fundi wa makochi, rafiki yake na mweka hazina wa chama.

"Mwenyekiti, nini hizo?"

"Bolti."

"Boksi limechorwa kitanda."

"Ndani mna bolti."

"Ndani ya mamba pia mna mbuzi, lakini tunamwita mamba."

Wengine wakafika na nyundo mikononi. Randa akaeleza yote, bila kuficha, na hapo akaharibu zaidi, maana kila mmoja alikuwa amekwama kwa bolti, na kwa kuwa hakuwa ameihusisha bei yake na ile meza ya wizarani, hakujua wa kumlaani. Wakamvua uenyekiti palepale, wamesimama. Kisha mmoja akakohoa, akauliza huko kwa shemeji yamebaki maboksi mangapi.

"Hakuna," Randa akasema. "Nimeyamaliza."

Hilo ndilo Sofa hakulisamehe.

Vitanda vilipita mlango wa bweni kabla wanafunzi hawajafika, na mashine haikuondoka. Vilimgharimu Randa maboksi themanini kwa pesa taslimu, lori la kuleta na lori la kwenda kutupa mbao, faida yote ya kazi, kiti cha uenyekiti, na salamu ya Sofa, aliyokuwa akiipata kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.