Mstari Mmoja wa Wisa

Wewe, umewahi kumhurumia mtoto hadi ukamponza? Galila alimhurumia wake, na huruma hiyo imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wisa alikuwa na miaka mitatu, kavaa kanzu ya mistari aliyoshonewa kwa sikukuu ya Bikira, kule mlimani juu ya mji wa Asyut. Mzee Tadros, mchora tatoo, alimshika kifundo cha mkono wa kulia, sindano ikanguruma, mstari wa kwanza ukashuka, wa buluu. Mtoto akaangua kilio. Kabla ya mstari wa pili kuukata ule wa kwanza, Galila akamnyakua.

"Mama Wisa, niache nimalize! Huo si msalaba, ni kijiti!"

"Mwakani, mzee. Mwanangu anaumia."

Mwakani ikazaa mwakani nyingine. Wisa akakua, wenzake wakimwita Bwana Kijiti, naye akicheka tu.

Alipotimiza ishirini na mbili alikwenda kaskazini kujenga nyumba za watu. Kivuko alichopanda kikazama, kitambulisho kikaenda na mto. Waliouopoa mwili wake walikuwa watu wema. Waligeuza kifundo chake wakitafuta msalaba, maana ndivyo sisi Wakristo wa huku tunavyotambulika hata midomo ikishafunga. Wakaona kijimstari, wakadhani ni kovu. Wakamzika na wengine wasiokuwa na wenyewe.

Galila alifika mwezi mzima baadaye. Mchimba kaburi alikuna kichwa, akautazama uwanja uliosawazishwa na upepo.

"Yule wa mstari mkononi namkumbuka. Ila ni wapi hasa, mama, nisikudanganye."

Tangu hapo, kila sikukuu wenzake wakipeleka mikate ya rehema makaburini kwa marehemu wao, Galila huoka yake, akainyunyizia ufuta, kisha akaigawa getini kwa wapita njia. Hana pa kuipeleka.

Mwaka huu alipanda mlima na wifi yake, Nargis. Nargis alipomwona anajipanga kwenye foleni ya mchora tatoo, katikati ya kina mama wenye watoto wachanga, alishika kiuno.

"Wifi, msalaba unao tangu unanyonya! Unataka wa pili ili Mungu akuone mara mbili?"

Zamu yake ilipofika, Galila alikaa kwenye kigoda, akakunja mkono wa kushoto wa gauni lake jeusi.

"Hapa, mzee. Anza na mstari wa kushuka. Mfupi, wa mkono wa mtoto."

Mzee Tadros siku hizi huvaa miwani minene. Aliivua, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama usoni. Akamtambua.

Sindano ikanguruma. Mstari ukashuka, na Galila akaangua kilio hata kina mama wakageuka. Nargis akaziba mdomo. Mzee Tadros akainua sindano, kama alivyoiinua siku ile.

Galila akamshika mkono, akaurudisha palepale.

"Endelea, mzee," akasema. "Hata mtoto akilia, usiache."