Si Wangu, Bwana

Ng'washi alikuwa akipepeta mchele kwenye baraza ya duka la Hasham, na ndani Sadrudin, mwana wa mwenye duka, alikuwa akipima sukari huku akikariri masomo yake kwa sauti.

"Mikataba. Madhara. Jinai. Mali. Ushahidi."

"Na sukari," Ng'washi alisema. "Inamwagika."

Kijana akacheka, akakinga mkono. Vitabu vyake vya sheria vilikuja kwa meli kutoka Kisumu, na mitihani ingetoka Ulaya. Baba yake alitaka wakili. Wateja walitaka sukari. Ng'washi alimbeba mgongoni tangu hajaota meno, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtania kuliko mtu yeyote pale Mwanza.

Mara Suzana akatokea barabarani, miguu yake myeupe kwa vumbi la Buhongwa.

"Shikamoo, mama. Mayala wamemkamata."

Ungo ukashuka mapajani. Mayala, mume wa Suzana, alikuwa jana akimpeleka ng'ombe kwa bwana mifugo achomwe sindano. Askari akamsimamisha njiani, akamwuliza kama ng'ombe ni wake.

"Akajibu nini?" Sadrudin aliuliza.

"Angejibu nini? Alisema si wake."

Kweli, angejibu nini? Msukuma humkabidhi mwenzake ng'ombe amlishe. Mlishaji hunywa maziwa, na mwenye ng'ombe, akiwa na moyo mzuri, humwachia ndama siku moja. Ila ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Mlishaji mwenye adabu hamwiti ng'ombe wa mtu "wangu", hata kwa utani. Mayala alijibu kama baba yake alivyomfundisha, na askari akaandika mwizi.

Na mwenye ng'ombe huyu? Mwenyewe ndiye huyo aliyeshika ungo. Mumewe, Mhoja, alipofariki, Ng'washi alikataa kurithiwa na shemeji yake, Shimba. Shimba akabeba kila kitu mpaka kinu. Baadaye, kwa miaka ya kupepeta, Ng'washi alinunua mtamba mmoja, akamficha kwa Mayala. Mayala aliapa kutomtaja mwenye ng'ombe kwa mtu. Shimba sasa alikuwa tarishi wa boma, mwenye kofia nyekundu na masikio marefu.

Sadrudin akafungua vitabu juu ya gunia la chumvi. "Mama, sikiliza. Kwa Mikataba, mlikubaliana, hata bila karatasi. Kwa Mali, ng'ombe ni wako. Kwa Jinai, Mayala hakukusudia kuiba."

"Basi wamwachie."

"Lakini Ushahidi..." Akasita. Alimpenda mama huyu na hakutaka kulisema. "Ushahidi unataka mtu aseme. Na mtu huyo ni wewe."

"Shimba atamchukua ng'ombe."

"Sheria ya mali haimruhusu!"

"Kitabu chako kimeandikwa Ulaya, mwanangu. Shimba yuko hapa hapa."

Hata hivyo alijifunga khanga kiunoni, akatangulia.

Bomani, Bwana Shauri, Mzungu aliyesikiliza kesi, alikuwa tayari amekaa, na mkalimani amesimama kando yake. Mayala alikuwa amevimba jicho.

"Ng'ombe ni wako?"

"Si wangu, bwana."

"Nani alikupa ruhusa kumchukua?"

Mayala akamwona Ng'washi mlangoni. Akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia asithubutu. Halafu akainamia sakafu.

Sadrudin akasimama. "Bwana, kwa idhini yako..."

"Wewe ni wakili?"

"Bado nasoma, bwana."

"Basi kasome."

Watu wakacheka. Ng'washi hakucheka. Alipita katikati yao, akasimama karibu na Mayala hadi mabega yakagusana.

"Ng'ombe ni wangu. Nilimnunua mwenyewe. Huyu ananilishia."

Mkalimani, naye Msukuma, alieleza mila hiyo kwa maneno machache, akionekana kufurahi. Bwana Shauri akakuna shavu, akasema Mayala hana kosa. Suzana akashukuru Mungu kwa sauti.

Hapo Shimba akavua kofia, akasogea mbele. Huyu ni mjane wa kaka yake, alisema. Mahari yake ililipwa, na mwanamke wa ukoo wao hana ng'ombe wake.

"Nilimnunua Mhoja akiwa kaburini!" Ng'washi alisema. "Kwa mikono hii!"

Bwana Shauri akatazama saa yake. Urithi wa wenyeji ni mambo ya mila, alisema. Ng'ombe akae kwa shemeji mpaka baraza la wazee lisikilize. Wazee wenyewe walikuwa ukoo wa Shimba. Kumkamata Mayala, sheria ilikuwa ya Kizungu. Kumnyang'anya Ng'washi, ikageuka ya mila. Sadrudin alitafuta hilo lilikuwa katika somo gani, akalikosa.

"Yupo na ndama wake, bwana," Shimba akaongeza. "Amebaki Buhongwa. Mayala aulizwe, yuko chini ya kiapo."

Mkalimani akauliza, "Ndama aliye kwako ni wa nani?"

Mtu aliyelala rumande kwa kusema kweli akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Ni wangu, bwana."

Sadrudin alikuwa na kitabu cha Ushahidi kwapani. Alijua kiapo cha uongo kinaitwaje na kinafungisha namna gani. Akageukia dirisha, akaangalia ziwa.

Ng'washi hakulia alipompoteza ng'ombe. Sasa alilia, uso ndani ya khanga, na Shimba akadhani yeye ndiye aliyemliza.

Nje, Mayala alishindwa kumtazama Ng'washi.

"Baba angekuwa hai angenichapa, mama. Ndama wako nimemwita wangu."

"Nimesikia."

Wakatembea mpaka dukani. Ng'washi akaokota ungo, akapuliza makapi. Mayala akachuchumaa karibu yake, akainamisha kichwa.

"Ndama ni jike, mama," alisema. "Wako ni jike."