Mng'ao wa Vidole Viwili

Dawa ya kunyoosha ilikaa kichwani nusu saa zaidi ya ilivyotakiwa, na nywele za binti zikatoka kavu kama katani. Msusi aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Binti hakumlaumu. Alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akamwambia baba yake:

"Jumamosi zikiwa bado hivi, nanyoa upara."

Baba yake, fundi wa kupaka vanishi ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa, alizishika nchani. Nywele zile zilichanwa kila Jumapili na mkewe, na mkewe alikuwa na miezi saba kaburini. Kumwomba asinyoe kungekuwa kumtwika mtoto huzuni yake.

Kesho yake alinunua kondishena, akampaka, kisha akamketisha kwenye kigoda karakanani. Akafunga dirisha, akawasha tochi. Meza alizipima hivyo hivyo: mwanga ukipigwa kwa ubavu, vanishi nzuri hurudisha mstari mweupe, mbaya hurudisha ukungu. Aliegemeza tochi kwenye kopo, akachora alama ya chaki pa kusimama, akapima kwa vidole upana wa mstari wa mwanga kichwani.

"Hakuna hata kidole."

"Baba, mimi si kabati."

"Kabati halina mdomo. Tulia, mama."

Jumatano kikapatikana kidole kimoja. Msasa akafurahi, na kama fundi yeyote aliyeona tabaka la kwanza limeshika, akaongeza la pili, na la tatu. Alhamisi mstari ukapotea.

"Mbona mimi naona zinang'aa?" binti aliuliza, kioo mkononi.

"Mimi sioni kitu."

"Basi macho yako yamezeeka."

Msasa alishika shungi moja. Nywele zilikuwa zimegandana kama brashi isiyooshwa. Alichokiona binti kilikuwa utelezi wa kondishena tu. Nywele zenyewe zilikuwa zimelala vikamba vikamba, kila kamba ikitupa mwanga upande wake.

Akacheka peke yake. "Nimekupaka kama meza. Meza ni ubao mmoja. Hizi ni maelfu, na kila moja inataka nafasi."

Hapo ndipo alipomkumbuka mkewe akisuuza kichwa cha mtoto, ndoo baada ya ndoo, na yeye mlangoni akinung'unika kwamba maji yanaisha. Kumbe! Alijaza ndoo tatu, akasuuza bila haraka, na safari hii hakuna aliyenung'unika. Kondishena akarudishia tone tu, akasuuza tena.

Jumamosi asubuhi alisimama kwenye chaki muda mrefu. Angeweza kusema vinne, nani angemhakiki?

"Utosini vidole viwili," alisema. "Nchani hakuna, mama, na hakutakuwa. Pameungua."

Binti alichukua kioo, akageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia. Mstari wa mwanga ukateleza utosini ukimfuata.

"Unatembea," alisema.

"Hata kwenye meza, mng'ao ukitembea ndio mzima."

Akaweka kioo chini. "Basi kata nchani tu. Kata wewe."

"Nikipinda?"

"Mbao ngapi umekata zikapinda, ukasema ndio mtindo?"

Msasa akafungua dirisha, akatafuta mkasi, akaufuta mara mbili kwenye shati. Vipande vikavu vikaanza kuanguka juu ya unga wa mbao.

"Kushoto pamezidi," binti alisema.

"Nimepaona," alijibu, akakata tena, polepole, kama mtu asiyetaka kazi iishe.