Mke wa Ishiara

Kwa jina la Mola aliyewajaalia waja wake kuishi wawili wawili, akatia utulivu baina yao, akaupima ujana kwa kipimo na uzee kwa kipimo, naanza. Sala na salamu zimfikie Mtume wake, aliyekuwa mwema kwa watu wa nyumbani mwake.

Niwapange watu kwanza, asipotee msomaji. Wa kwanza ni Abdirizak Burale, msafirishaji wa mji wa Maua, mwenye malori na ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. Wa pili ni mkewe Dhahabo, mama wa Sabirin, mwanamke wa sauti ndogo na maamuzi makubwa. Wa tatu ni Gachoki, mkulima wa ndengu kule Ishiara, katika nchi ya Wambeere. Wa nne ni Wanjira, ambaye namweka kando mpaka atokee mwenyewe mlangoni. Mimi ni imamu wao, niliyeitwa kusuluhisha.

Dhahabo alinijia baada ya sala ya Alasiri, mumewe akimfuata nyuma kama mtu aliyeletwa. Alilipanga shauri lake vizuri. Kwa muda mrefu Burale alikuwa akigeukia ukutani kila walalapo. Akiulizwa, husema amechoka. Na kila Jumatano alikuwa akienda Ishiara, ambako zamani alimtuma dereva tu, na mwenyewe hurudi na viatu vimejaa vumbi, uso umechangamka, kisha huugeukia ukuta uleule. Alisema haombi nguo wala chakula. Anaomba haki yake ya unyumba, na kama haki hiyo imepata njia nyingine, aambiwe. Ndipo akamgeukia mumewe.

“Baba Sabirin, una mke Ishiara?”

Nilitaraji akane. Burale akaitazama kofia yake iliyokuwa magotini, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikukielewa siku ile: faraja.

“Ninaye,” akasema, na alipolitamka neno lile akanyoosha mgongo.

Uvumi ulikuwa umeshamtangulia mjini. Wauza miraa walikuwa wakimpigia makofi barabarani na kumwita kijana, naye hakumsahihisha hata mmoja. Sasa alidhani mkewe atalia, atanuna, na jambo litapoa. Alikuwa amesahau amemwoa nani.

“Vyema,” akasema Dhahabo. “Mke mwenza naweza kumvumilia, na zamu zetu Maalim atazipanga. Uongo ndio siuwezi. Jumatano twende sote nikamsalimie. Nikikuta umeniongopea, sishuki tena Maua; nanyoosha njia hadi Isiolo kwa kaka zangu.”

Rangi ikamtoka Burale. Lakini ulimi wa kurudisha neno lake hakuwa nao.

Jumatano ikafika, tukapanda pikapu yake watatu, mimi dirishani na Dhahabo katikati, amepakata leso mpya na kopo la halwa. Moyo wangu ulikuwa ukidunda kama wa mtu apelekaye posa. Burale, ambaye madereva wake humlalamikia kwa kuwahimiza mbio, siku hiyo aliendesha kama aliyebeba mayai. Mjini Nkubu alisimama kununua ndizi ambazo hakuna aliyezitaka. Huko Chuka alizikagua tairi zote, na hata ile ya akiba. Tulipovuka mto Thuchi, akapendekeza tusali Adhuhuri, na jua lilikuwa bado halijapinduka. Nikamwambia sala ina wakati wake. Dhahabo aliikunja leso upya, akaikunjua, akaikunja tena.

Joto la Ishiara lilitupokea kabla ya mji wenyewe. Tukalipita soko, tukaingia njia ya vumbi, tukasimama mbele ya boma lililoegemea kilima cha mawe na miti ya miiba. Mlango ukafunguka, akatokea mwanamke. Dhahabo alishuka kabla gari halijatulia. Kwa adabu aliinamisha macho, akaenda moja kwa moja, akamvika yule mwanamke leso mabegani na kuishika mikono yake.

“Dada yangu,” akasema, “tumeshiriki mume, basi tushiriki na amani.”

Kisha akainua macho. Mbele yake alisimama bibi kizee asiye na jino hata moja, amejiinamia juu ya mkongojo. Huyo ndiye Wanjira.

“Mume gani?” bibi akauliza. “Mimi mume yangu nilizika kitambo, na sitaki ingine. Lakini hii leso nitachukua.”

Kabla hatujapata la kusema, mwanawe Gachoki akatoka nyuma ya ghala la ndengu, mkono mmoja una fimbo, mwingine una jozi ya raba kuukuu.

“Burale, leo umechelewa. Kilima inakungoja,” akasema, kisha akatuona sisi. “Na hawa? Wako na sukari pia?”

Dhahabo alisimama wima. Akamtazama Gachoki, akazitazama raba, akamtazama mumewe. Kisha macho yake yakaenda barabarani, upande wa kurudi, nami nikajua anaitazama Isiolo.

Burale akavua kofia. Alianza kusema akiwa ameinama, na maneno yakatoka kama maji yaliyozuiwa siku nyingi. Udhaifu ulimwanza polepole, akauona aibu. Alinunua unga wa dawa kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti aliyemwahidi kurudisha ujana. Alipounywa, moyo ulimwenda mbio hata akaketi chini kando ya lori lake, jasho likimtiririka. Ndipo alipokwenda hospitali Embu. Daktari akamkuta na sukari na presha, akamweleza kwamba maradhi hayo huiharibu mishipa ya damu mwili mzima, na nguvu za kiume nazo hupungua. Akamwambia hali hiyo huwapata wanaume wengi umri unaposonga, wala si fedheha. Wapo wanaopata nafuu kubwa wakizimeza dawa zao bila kukosa, wakatembea, wakapunguza tumbo, soda na miraa, na wakalala mapema. Unga autupe. Na amweleze mkewe.

Yote alikuwa ameyatii isipokuwa hilo la mwisho. Na kutembea Maua hakuweza. Mwenye malori akionekana kwa miguu, mji mzima utasema yamepigwa mnada, na kila dereva atasimama kumpa lifti. Gachoki, aliyekuwa akimuuzia ndengu, ndiye aliyemwazima kilima chake.

“Dhahabo,” akamaliza, “niliona afadhali unidhanie nina wawili, kuliko ujue nimemshindwa mmoja.”

Kuku walikuwa wakiparura karibu na miguu yetu. Wanjira aliipapasa leso yake.

“Nilikuwa tayari kugawana zamu na mwanamke nisiyemjua,” akasema Dhahabo. “Wewe hukuwa tayari kugawana nami ugonjwa?”

Burale akamwomba radhi.

Dhahabo akakiangalia kile kilima kuanzia chini hadi juu, bila haraka, kama mtu anayempima mgeni.

“Huyu ndiye mke mwenza?”

“Ndiye.”

“Mnene kunishinda,” akasema, akakunja pindo la buibui lake, akachukua fimbo mkononi mwa Gachoki, akatangulia.

Mimi na Wanjira tukabaki kivulini tukila halwa. Kutoka juu mawe yalikuwa yakiporomoka, na sauti ndogo ya Dhahabo ikatufikia ikimuuliza mumewe kama malori yake nayo huhema hivyo mlimani. Kisha nikamsikia Burale akicheka, kicheko nilichokikosa msikitini kwa muda mrefu, nami nikamshukuru Mola mdomo wangu umejaa halwa.

Tangu siku ile hawakuhitaji tena kilima cha kuazima. Walitembea Maua wazi wazi, kila baada ya Alasiri, ubavu kwa ubavu. Mji ulisema malori yameuzwa. Madereva walisimama, Burale akawapungia waende zao. Kitita cha miraa alichotunukiwa na rafiki zake alikirudisha kwa heshima, na usiku taa ya nyumba yake ikazimwa mapema.

Ikapita miezi. Alfajiri moja ya baridi kali, baridi ile ambayo hapa kwetu hakuna ajimwagiaye maji mwili mzima ila mume aliyelazimishwa na sheria ya janaba, Burale aliingia msikitini ndevu zake zikidondoka maji. Mvua haikuwa imenyesha. Niliona, nikainamisha macho, nikageukia kibla, na takbira ikanitoka kwa sauti iliyopanda kupita kawaida. Wazee wa safu ya kwanza nao walikuwa na macho.

Adhuhuri Dhahabo akaniletea sahani ya halwa. Na juma lile wazee, mmoja mmoja, kila mtu akidhani yuko peke yake, walinivuta pembeni kuniuliza njia ya Ishiara inaanzia wapi. Niliwaambia inaanzia hospitali, kisha inapita nyumbani.

Ee Mola, wabariki wote waliobaki katika ndoa zao nywele zikiwa nyeupe. Wape afya ya miili na ukweli wa ndimi, uwaondolee haya waume wanaougua kimya, na uwape wake zao subira na kicheko. Na wajane kama Wanjira uwafunike kwa rehema yako kama walivyofunikwa kwa leso. Amin.