Tundu la Hewa la Bi Nesta

Delyth Rosser hakuwa mwenye nyumba wa kuwavamia watu. Nyumba yenyewe aliachiwa na mama yake, kijumba kilichobanana na vingine kwenye mtaa wa mteremko, katika bonde moja la Wales ambalo makaa yake yalikwisha kuchimbwa zamani. Bi Nesta Beynon alipanga humo tangu Delyth akiwa msichana wa shule. Sheria inamtaka mwenye nyumba alete fundi wa gesi kila mwaka, na Delyth alimleta bila kukosa. Tena hakumleta kienyeji: alipiga simu wiki nzima kabla.

"Bi Nesta, Carwyn atakuja Alhamisi kuangalia hita."

"Alhamisi? Haya, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia, maana humu ndani leo ni jaa."

"Jaa gani? Kwako mtu anaweza kulia chakula sakafuni."

"Sema tu wewe. Hujaona nyuma ya kochi."

Delyth alicheka. Alimpenda yule bibi kuliko alivyowapenda ndugu zake wengi, na wala hakuona haya kusema hivyo.

Carwyn alikuja Alhamisi, akaipima hita, akaipitisha, akanywa chai, akaenda zake. Mwisho wa wiki baridi ilizidi vibaya sana. Jumatatu asubuhi Delyth alipitia na mkate wa zabibu, akaingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida. Bi Nesta alikuwa kwenye kiti chake mbele ya hita iliyokuwa bado inawaka, blanketi magotini, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kutembea kwenye upepo. Delyth alimsemesha. Alimshika mkono, kisha akazima gesi na kufungua madirisha yote, huku akijua kwamba hayamsaidii mtu tena.

Polisi walipomaliza walimwita Carwyn. Alilivuta kochi. Nyuma yake, chini ukutani, palikuwa na tundu la kuingizia hewa, na tundu lile lilikuwa limesokomezwa soksi ndefu za kike na magazeti mpaka halina hata upenyo. Hita kama ile ikikosa hewa huanza kutema sumu isiyo na harufu.

"Alhamisi lilikuwa wazi," Carwyn alisema. "Nakuapia, Delyth. Niliweka mkono hapa nikasikia upepo."

"Nakuamini."

"Watasema sikuangalia."

"Nimesema nakuamini, Carwyn."

Na kweli alimwamini, jambo ambalo lilimuumiza zaidi. Angempata mtu wa kumtukana siku ile angeshukuru.

Rhian, binti wa Bi Nesta, alifika jioni. Walikaa jikoni, makoti mwilini, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwasha kitu.

"Mama na baridi yake," Rhian alisema. "Tumegombana miaka na miaka juu ya hilo tundu. Ananijibu, 'Usinifundishe, mimi fundi akija naziondoa.' Aliona aibu, unajua. Mwanaume aje akute soksi zake ukutani."

"Aliziondoa kila mwaka?"

"Kila ukipiga simu. Anazifua, anaupangusa ukuta, anasubiri fundi aondoke, anazirudisha. Mimi nikachoka kusema."

Delyth alitazama kikombe chake kitupu. Simu zote zile. Aliona haya kumkuta mzee wa watu hajajiandaa, na mzee naye akaona haya kukutwa hajajiandaa, wakaoneana haya hivyo mpaka mmoja akafa. Angetokea na Carwyn mara moja tu bila taarifa, wangeziona. Bi Nesta angenuna mwezi mzima, labda hata kumsengenya mtaani, na angekuwa hai. Delyth alitamani angekuwa mwenye nyumba mbaya. Alitamani kwa moyo wake wote angekuwa mmoja wa wale wanaochukiwa na wapangaji wao.

"Ila wewe, dada Delyth," Rhian alisema, sauti ikimkatika, "Mungu akulipe. Mama alimwambia kila mtu kwamba hakuna mwenye nyumba mwenye adabu kama wewe. Wenzako wanawavamia watu tu. Wewe ulimpa siku zake ajiandae."

Delyth alifungua mdomo ili amwambie.

"Alikuwa mtu msafi sana," alisema.

Rhian alisimama, akamkumbatia, akalia begani kwake. Delyth alikaa tu pale, mikono ikining'inia, akashukuriwa.