Fundi Msikivu wa Mjomba

Ukoo mzima ulimwita Chiriku, jina alilopewa utotoni kwa sababu mdomo wake ulikuwa haulali. Ukubwani alisomea kompyuta, akaajiriwa hospitalini kuzitunza zile za mapokezi na za maabara, na tangu hapo kila kitu chenye waya katika ukoo kikawa mzigo wake. Friji ikikoroma, Chiriku. Pasi ikigoma, Chiriku. Kuna siku aliona heri angesomea ushonaji, ingawa huko nako wangemletea suruali za mtaa mzima.

Safari hii aliyempigia simu ni mke wa mjomba wake.

"Mwanangu, njoo umtazame mjomba wako. Kompyuta yake imekuwa kobe. Anaiwasha, anakwenda kuoga, anarudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Na juzi nimeona jambo sikulipenda. Yeye yuko jikoni na mimi, kompyuta iko sebuleni inafungua mambo yenyewe."

"Yenyewe?"

"Mimi nauza vitambaa, usiniulize mimi. Njoo."

Jumamosi mchana Chiriku akaenda. Mjomba alikuwa mwalimu wa udereva mstaafu. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake, na nusu nyingine, alivyosema mwenyewe, ndio wanaosababisha foleni. Mkewe alikuwa dukani kwake. Mzee alikuwa peke yake sebuleni, shati limepigwa pasi kama anayesubiri mgeni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Najua nani kakusumbua. Kompyuta nzima kabisa hii, imechoka tu, kama mimi."

Wakaiwasha, wakangoja, wakaongea habari za nyumbani zikaisha, wakangoja tena. Ilipoamka, vidirisha vikaanza kuruka kimoja baada ya kingine: kompyuta yako iko hatarini, ruhusu usafi, ruhusu ulinzi, ruhusu taarifa. Kila kilipotokea, mjomba alibonyeza "Kubali".

"Mjomba, mbona unakubali vyote?"

"Wameomba kwa adabu. Mtu akikupigia hodi, unamjibu nini?"

Chiriku akamnyang'anya kipanya. Ndani alikuta programu tatu za kuzuia virusi, zote zikifanya kazi kwa pamoja. Ilikuwa kama kuweka walinzi watatu kwenye mlango mmoja, kila mmoja anampekua mwenzake, na mwenye nyumba hapiti. Akaachia kipanya ili atafute flashi yake mkobani. Hapo ndipo mshale kwenye kioo ulipoanza kutembea.

Akamgeukia mjomba. Mjomba alikuwa kasimama mlangoni, kila mkono na kikombe chake cha chai.

"Usiogope," mzee akasema. "Huyo ni fundi wangu. Huwa anaingia mida hii kusafisha."

Mshale ukafungua folda ya picha, ukaifunga, ukaenda moja kwa moja kwenye barua pepe. Chiriku hakungoja zaidi. Alijitupa chini ya meza akachomoa waya wa intaneti. Juu ya kioo mshale ukaganda.

"Chiriku! Unamfungia mtu mlango usoni?"

"Mjomba, huyo ni mwizi."

Ikabidi mzee aeleze. Kulitokea tangazo lenye namba ya simu, akapiga. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole, akamwelekeza programu ya kuweka ili aweze kumsaidia akiwa mbali. Tangu siku hiyo kijana alikuwa hampi kisogo. Alipiga, alimjulia hali, aliuliza na miguu inaendeleaje.

"Ameshakuomba mambo ya benki?"

"Hapana. Yaani, leo. Alisema leo ndiyo tunaingiza ya benki, ulinzi ukamilike."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, mjomba akaketi. Chai ilimwagika kwenye kisahani, naye hakuiona.

"Kwa nini hukuniita mimi?" Chiriku akauliza, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Nilikuita. Wakati ule wa mvua. Nilikwambia kompyuta inanisumbua, ukapumua." Akavuta pumzi, akaishusha taratibu, kuonyesha. "Nikasema, mtoto kachoka, nisimwongezee. Yule kijana hajapumua hata mara moja."

Chiriku alijaribu kuikumbuka simu hiyo, hakuipata. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba kwake ilipita kama zilivyopita nyingine zote.

Akainuka kwenye kiti. "Kaa hapa wewe. Utamtoa kwa mkono wako. Mimi nakaa upande wa mwalimu."

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, na siku Chiriku alipong'oa kioo cha pembeni kwenye nguzo ya geti, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kimebaki kingine. Endelea."

Kwanza walipiga simu benki, akaunti ikawekewa ulinzi. Nywila zote wakazibadilisha kwa simu ya Chiriku, maana kompyuta ilikuwa bado haiaminiki. Kisha mzee akaanza kufuta: programu ya kijana, visafishaji bandia, walinzi wawili kati ya watatu. Alikuwa anasoma kila neno kwa sauti, kidole kikielea hewani kama mwewe asiye na haraka. Mkono ukamwasha Chiriku, ukitaka kushika kipanya. Akaukalia.

Mwisho akachomeka flashi yenye programu ya ukaguzi, na wakati inaendelea kutafuta, simu ya mjomba ikaita. Alikuwa ni yule kijana. Chiriku akanyoosha mkono aikate. Mjomba akamzuia, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mzee wangu. Naona umeme umekatika huko, nimetoka hewani."

"Marahaba. Haujakatika. Mpwa wangu kachomoa waya. Anasema wewe ni mwizi."

"Mzee, hao vijana hawayajui haya mambo, wanaweza kukuharibia..."

"Huyu anatunza kompyuta za hospitali. Sikiliza, mwanangu. Mimi nimefundisha udereva maisha yangu yote, na subira yako nimeiona. Watu wenye subira ya kumfundisha mzee ni wachache sana. Kwa nini unaitumia kutuibia?"

Nyuma ya kijana zilisikika sauti nyingine nyingi, za kike na za kiume, kila moja inambembeleza mtu wake: mzee wangu, mama yangu, bonyeza hapo chini. Kisha simu ikakatika.

"Kumbe wako wengi," mjomba akasema. Akaiangalia simu, akampa Chiriku aifungie ile namba.

Ukaguzi ulipoisha, virusi vilivyokutwa vikafutwa. Chiriku akafungua ubavu wa kompyuta, akatoa kwenye feni vumbi la kutosha kupandia maharage. Walipoiwasha upya ikaamka mara moja, kama iliyoitwa jina. Lakini mzee hakushangilia.

"Nini tena?"

"Nilikuwa nimefika pazuri."

"Pazuri wapi?"

"Kwenye kisa. Nilikuwa namsimulia yule mama aliyefeli mtihani wa udereva mpaka mkaguzi akawa anamkimbia. Mke wangu visa vyangu vimemjaa masikioni, hataki tena. Yule kijana alikuwa anacheka, Chiriku. Anacheka kwelikweli." Akafikiri. "Au sijui."

"Mimi hicho sijakisikia."

"Una kazi zako."

"Leo Jumamosi, mjomba." Akakisogeza kiti karibu, akaiweka simu yake kifudifudi mezani.

Mzee akamtazama kwanza, kuona kama atapumua. Halafu akafungua folda ya picha, akashuka nayo polepole hadi kwa mama mmoja mnene aliyesimama kando ya kigari kidogo, cheti juu ya kichwa.

"Huyu hapa. Siku ya kwanza alikuja na viatu vya kisigino na blanketi."

"Blanketi la nini?"

"Eeh! Ndivyo na mimi nilivyomuuliza."