Jua la Kumkausha Genoveva

Genoveva alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Wiki nzima mama mkwe wake, Bi Rozalia, alikuwa akimkalisha mchangani pale Kasingirima, kando ya ziwa, uso juu, jua kali la mchana likimchoma, eti lile baka lililotanda mashavuni na puani likauke. Mtu aliyeanika dagaa maisha yake yote haamini kwamba kuna kibichi kinachoweza kulishinda jua. Wanawake walioanika dagaa pamoja na Genoveva kwenye vichanja nao walishamhukumu: kajipaka mkorogo, anautaka weupe, acha akione. Hakuwahi kuupaka hata siku moja, ila nani alimsikiliza?

Viungo vilipovimba hata akashindwa kushika kijiko, mumewe Urbanus alimpeleka hospitali. Majibu ya vipimo yalipotoka, Daktari Diana aliwaeleza wote wawili taratibu.

"Kinga ya mwili kazi yake ni kupigana na vijidudu. Yako, mama, imepotea njia, inakupiga mwenyewe. Jua likiunguza ngozi, kinga hiyo inazidi kuchachamaa. Imeshashambulia ngozi na viungo, sasa imeanza figo. Ugonjwa huu unaitwa lupasi. Dawa utameza, lakini ukirudi kuanika juani, figo hizo utazipoteza."

"Nimekuelewa, daktari," alisema Urbanus kwa adabu zote.

Adabu hizo aliziacha hukohuko hospitali. Kesho yake mitumbwi ilirudi imejaa, naye akamwekea mkewe mabeseni ya dagaa mlangoni.

"Tandaza tu hawa wa leo. Jua la asubuhi halina neno."

Bi Rozalia akadakia kwamba madaktari wa kuhamia hawajui maisha ya ziwani. Kisha mama na mwana wakashika njia kwenda msibani mtaa wa Buzebazeba.

Genoveva aliyatazama mabeseni, akameza dawa zake, akafunga mlango, akalala.

Waliporudi jioni, harufu iliwapokea njiani. Nzi walikuwa wametanda juu ya mabeseni. Bi Rozalia alishika kichwa akaangua kilio kikubwa kuliko alivyolia huko msibani. Urbanus aliupiga mlango teke, akauliza ni mke gani huyu anayeacha mali ioze.

Genoveva alifungua. Alisimama kizingitini na baka lake usoni, wala hakuinamisha macho mbele ya mkwe.

"Dagaa wameoza siku moja, mnalia," alisema. "Mimi nimeoza wiki nzima mbele ya macho yenu, mkanianika."